Mjomba anataka kumpeleka polisi

*Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 20. Tangu mdogo hupenda leso zangu na kukaa na wasichana. Juzi aliniambia huku analia kwamba nafsi yake ni ya kike. Kaka yangu ameona picha za mwanangu kwenye simu ya mwanangu, amevaa gauni. Anasema tumuozeshe haraka, au atampeleka polisi akatiwe adabu. Nifanye nini? – Mama, Mabela, Maskati*

Mama, hilo la polisi likatae leo hii. Kifungu cha 266 cha Sheria ya Adhabu ya Omani ya mwaka 2018 kinamtia hatiani mwanamume anayeonekana amevaa nguo za kike: kifungo cha mwezi 1 hadi mwaka 1, faini ya riali 100 hadi 300, au vyote viwili. Kaka yako huenda anataka kumtisha tu, lakini neno likishafika kituoni halirudi. Picha zifutwe, na kwenye simu ya mjomba pia kama anazo.

Ndoa nayo iacheni. Mtamtia mtoto wa watu kwenye mateso asiyoyajua, na wazee wake mtawajibu nini?

Wala usidhani mambo haya yameletwa na simu. Unni Wikan, msomi kutoka Norway, aliishi Sohar, hapahapa Omani, miaka ya 1970, na mwaka 1977 akaandika juu ya watu waliozaliwa wanaume, wakivaa kanzu za rangi na kukaa na wanawake harusini. Majirani waliwajua na waliishi nao. Kuwait, Februari 2022, Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu kilichowaadhibu wanaojifananisha na jinsia nyingine, kwa kuwa kilivunja uhuru wa mtu. Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru cheti cha mtihani cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa mwanamume, kirekebishwe. Hapa kwetu hatujafika huko, sitakudanganya. Ndiyo maana ulinzi wa mwanao unaanza kwako.

Mwambie hafukuzwi wala hapigwi. Mtafutie daktari wa nafsi anayetunza siri, umsindikize mwenyewe. Aliyelia mbele yako amebeba mzigo huu miaka mingi peke yake.

Kisha mwite kaka yako mbele ya mzee anayemheshimu, umwambie wazi: huyu anaswali nasi na anakula nasi, na hatumpeleki jela kwa mikono yetu.