SARAFINA ALITUPA BUNDUKI. WEWE JE?

Masomo: Mathayo 6:9-15, Luka 23:32-43, Yohana 8:31-36

Kijana mwenzangu, Bwana Yesu asifiwe! Kama hujazoea kuitikia "Amina", usijali. Karatasi hii hatukuwaandikia walokole. Tumekuandikia wewe wa bodaboda, wewe uliyemaliza shule na bado uko kijiweni hapa Nshambya, wewe uliyekuja mkutanoni kusikiliza vyombo tu. Soma mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Nakuuliza: unamjua Sarafina? Najua wengi mnamjua. Ni mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na ngoma, uliotungwa na Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, na Hugh Masekela akashiriki kuutungia muziki. Ulianza kuchezwa Johannesburg mwaka 1987, ukafika New York mwaka huohuo. Mwaka 1992 ukatoka kama filamu, Leleti Khumalo akiwa Sarafina na Whoopi Goldberg akiwa mwalimu wake. Hiyo filamu ndiyo iliyotufikia sisi kwenye mabanda ya video. Tulibanana kwenye mabenchi, na hata asiyejua Kiingereza alikuwa anaimba.

Mchezo ni wa kutunga, lakini msiba wake ni wa kweli. Tarehe 16 Juni 1976, huko Soweto, maelfu ya wanafunzi waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ya watawala wao. Polisi wakawapiga risasi. Mtoto Hector Pieterson alikuwa mmoja wa waliouawa. Ndiyo maana tangu 1991 kila tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika.

Utasema, "Mwinjilisti, na wewe unatazama video?" Ndugu yangu, mtume Paulo alipofika Athene aliwahubiria watu kwa kutumia maneno ya washairi wao wenyewe (Matendo 17:28). Video haiokoi mtu. Lakini Mungu anaweza kukushika kwa kitu unachokipenda, akakuvuta. Hebu tuone mambo manne.

1. PICHA UKUTANI HAIJIBU

Sarafina ana picha ya Nelson Mandela ukutani. Anaongea nayo. Anaieleza shida zake zote. Mandela wakati huo yuko gerezani, hamsikii.

Simdharau Mandela, hapana. Alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, mwaka 1994 akawa rais, na wala hakulipiza kisasi. Lakini mwaka 2013 alifariki, maana naye alikuwa mwanadamu. Na wewe una nani ukutani? Mchezaji mpira? Mwanamuziki? Ukilia saa nane za usiku, yeye hajui hata jina lako.

Yesu aliwekwa kaburini, siku ya tatu akafufuka. Huyu ANASIKIA. Huna haja ya picha. Ongea naye sasa hivi, kwa Kiswahili au kwa Kihaya, atakuelewa.

2. ALIYEONEWA NAYE ANAWEZA KUTENDA DHAMBI

Hapa usipite haraka. Ndani ya mchezo huu wanafunzi wanaimba Sala ya Bwana, na wanaiimba vizuri kabisa. Unaijua ile sala. Ndani yake tunamwomba Baba atusamehe kwa kadiri tunavyowasamehe wengine. Lakini kwenye filamu yupo askari mmoja, Mwafrika mwenzao, anayewatumikia watesaji. Hasira zinapowaka wanafunzi wanamvamia na kumchoma moto mpaka anakufa. Sarafina naye yumo, na baadaye jambo hilo linamtesa rohoni.

Umeona? Walionewa kweli. Madai yao yalikuwa ya haki, na Mungu anachukia uonevu. Lakini kuonewa hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Dhambi haikai kwa mzungu wa ubaguzi peke yake. Inakaa kwa mwonevu na kwa aliyeonewa, kwa tajiri na kwa maskini, kwa mwinjilisti na kwa mlevi. Warumi 3:23 inatuweka wote kwenye kapu moja.

Wangapi hapa kwetu tumesikia kelele ya "mwizi!" tukaokota jiwe? Mtu akafa, sisi tukarudi nyumbani kula matoke. Nani alituosha mikono?

3. MAMA ULIYEMDHARAU

Mama yake Sarafina ni mtumishi wa ndani kwenye nyumba ya wazungu. Binti anamwonea aibu. Anaona mama ni mwoga, kazi yake kufua na kupiga magoti tu. Baadaye Sarafina anakamatwa, anateswa gerezani. Mwalimu wake mpendwa naye alikamatwa, na akafia mikononi mwa polisi. Sarafina anapotoka, anamwendea mama. Sasa anamwona kwa macho mapya: huyu aliyekuwa akiinama kila siku ndiye shujaa, maana ndiye aliyewalisha.

Waitu kijana! Mama yako anauza ndizi na dagaa juani, wewe ukiwa na marafiki unampita kama humjui? Amri ya kuwaheshimu baba na mama ina ahadi ndani yake (Waefeso 6:2-3). Yesu mwenyewe, akiwa anatokwa damu msalabani, alimkumbuka mama yake akamkabidhi kwa mwanafunzi (Yohana 19:26-27). Ukitoka mkutanoni leo, nenda kamwombe mama msamaha. Kama ameshalala mauti, mweleze Mungu.

4. BUNDUKI ILIYOFICHWA

Katika hadithi iko bunduki iliyofichwa. Sarafina ana kila sababu ya kuitumia. Amepigwa, mwalimu amekufa, wenzake wamezikwa. Lakini mwisho anaichukua bunduki ile na KUITUPA. Anakataa chuki imtawale.

Niseme ukweli wangu. Mimi sikuwa na bunduki, nilikuwa na panga. Baba alipofariki, baba mdogo alisogeza milamula ya mpaka akaingia ndani ya kibanja chetu. Mama alilia. Nilikuwa kijana mdogo. Nikanoa panga, nikaliweka chini ya kitanda, nikasema siku moja. Kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nalishika kwanza. Miaka miwili! Baba mdogo alikuwa analala vizuri kwake, mimi ndiye sikulala. Nilidhani nimelifunga panga, kumbe panga lilinifunga mimi.

Siku nilipookoka, mhubiri alikuwa anasoma habari za Yesu akiwaombea msamaha wale waliokuwa wanampigilia misumari (Luka 23:34). Nikalia kama mtoto. Asubuhi nilichukua lile panga nikaenda kulimia migomba. Nikamwamkia baba mdogo, "Shikamoo baba." Alishtuka, akaitikia kwa sauti ndogo. Kibanja hakurudisha mara moja. Shauri tulilipeleka kwa wazee, kama inavyostahili, na sehemu bado hatujapata. Kusamehe siyo kusema uovu ni sawa. Haki idai, lakini idai kwa mikono misafi. Usingizi wangu niliupata usiku ule ule.

Sasa elewa tofauti. Sarafina alitupa bunduki kwa nguvu zake, tena ni hadithi. Wewe na mimi tukitupa panga kwa nguvu zetu, kesho tunalirudia. Nilijaribu mara tatu, nikashindwa. Wananchi wa Afrika Kusini walipata uhuru wa kupiga kura mwaka 1994, na ilikuwa furaha kubwa. Lakini kura haitoi chuki moyoni, wala haitoi pombe, wala uzinzi. Kwa hilo anahitajika Mwana. Yeye akikuweka huru, unakuwa huru kwelikweli (Yohana 8:36).

JIULIZE
(a) Ni nani nimemficha moyoni nikingoja siku ya kumlipa?
(b) Nimemdharau nani anayenilisha?
(c) Nikifa usiku huu, bunduki yangu itakutwa wapi?

SALA
Kama unataka kumpokea Yesu, sema kwa sauti, hata kama uko peke yako:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeonewa, na mimi nimewaonea wengine. Ninaamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Leo ninamsamehe (taja jina lake). Chukua silaha yangu, nipe moyo mpya. Kuanzia sasa mimi ni wako. Amina."

Umeomba kwa kumaanisha? UMEOKOKA! Mwambie mtu mmoja leo leo. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku, na utafute kanisa linalohubiri wokovu. Tena usilale na panga chini ya kitanda. Litoe, kalimie.

Mungu akubariki sana.

Ukishasoma, usitupe karatasi hii. Mpe mwenzako.