SHAMBA LIKIUZWA, WATOTO WATALIMA WAPI?

Somo letu la leo ni juu ya ardhi. Tutaanza na sinema moja ya Japani, halafu tutarudi kwetu Masasi na Newala.

Sinema hiyo inaitwa Enrai, maana yake ngurumo za mbali. Ilitolewa mwaka 1981. Aliyeiongoza ni Kichitaro Negishi. Inamhusu kijana Mitsuo, mkulima wa nyanya karibu na mji wa Utsunomiya. Ardhi kubwa ya familia yake imekwisha uzwa, na hapo yamejengwa majumba ya ghorofa. Baba yake amehama nyumbani, anakaa na mwanamke mwingine. Mitsuo amebaki na banda la plastiki, ndimo anamolima nyanya.

Je, kwetu hayapo mambo hayo? Yapo. Masasi na Newala sasa zina halmashauri za mji. Mji ukipanuka, shamba la mikorosho hugeuka viwanja.

Mjomba wangu aliuza ekari mbili za mikorosho, kijijini karibu na mji. Akaezeka nyumba bati, akanunua pikipiki. Ilipofika Oktoba wenzake wakaokota korosho, yeye yuko barazani tu. Mkewe, ambaye hakuulizwa shamba lilipouzwa, akaniambia: "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, hii pikipiki itazaa lini?" Nikakosa la kusema.

Sheria inasemaje? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Serikali ikitwaa shamba lako kwa ajili ya mji, una haki ya kulipwa fidia. Mikorosho nayo huhesabiwa.

Basi, kabla ya kutia sahihi au dole gumba:

1. Kaa na mwenzi wako na watoto, mshauriane.
2. Nenda ofisi ya kijiji ukaulize.
3. Soma karatasi yote mwenyewe. Kisomo ulichopata ni ngao yako.

MASWALI

1. Mitsuo alibaki na nini?
2. Mke wa mjomba alikuwa na maana gani aliposema pikipiki "itazaa lini"?
3. Shamba lina mikorosho 50. Kila mmoja ukitoa kilo 8, utapata kilo ngapi kwa msimu? Na kwa misimu 10?

Jadilianeni jibu la swali la 2 kikundini. Wazee na vijana wote waseme.