Mfunue Mtoto Kifua

Kikohozi husikika hata kwa jirani. Kichomi, ambacho waganga hukiita nimonia, mara nyingi hakina kelele. Mtoto mmoja atakohoa usiku kucha na ni mafua tu. Mwingine anakohoa kidogo, kumbe vifuko vya hewa mapafuni vimeshajaa usaha na maji. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta dawa, fungua kitenge, mfunue kifua, umtazame.

Ngoja atulie au alale. Akilia au akinyonya, hesabu itakudanganya. Usiku mulika tochi kwa pembeni. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40.

Kisha tazama mbavu zinapoishia. Kwa mwenye kichomi kikali, sehemu hiyo hubonyea ndani kila anapovuta hewa, kama vile kuna mtu anaivuta kwa kamba kutoka mgongoni.

Ukiona moja ya hayo, nenda kwa reko (mhudumu wa afya wa kijijini) au kituo cha afya siku hiyohiyo. Huku kwetu upande wa Kasongo, Kongo, kila joto la mwili huitwa malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini dawa ya malaria haitibu kichomi, na mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Hata kipimo cha damu kikionyesha malaria, uliza: “Munganga, na pumzi yake?”

Dawa ya kawaida ni amoksisilini, tembe inayoyeyuka katika kijiko cha maji safi, asubuhi na jioni, siku 5. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo usikadirie kwa tembe za sokoni. Siku ya tatu mtoto huwa amerudi kuchezea mchanga, na hapo ndipo wengi huficha tembe zilizobaki kwa mgonjwa ajaye. Mmalizishe. Na msimchanje: chale mbavuni hazitoi kichomi, zinaacha vidonda.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, asiyeamka, au aliyebadilika rangi midomo, apelekwe hospitali kuu, Kasongo au Kabambare, kwani anahitaji sindano na oksijeni. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye dalili yoyote asingoje kesho. Kwenye pikipiki, mwacheni uso wazi.

Wazee nao huugua, wakati mwingine bila homa: babu anaanza tu kuchanganya maneno na kuhema. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinataka kipimo cha kifua kikuu.

Sombe hukaa motoni muda mrefu, na moshi huumiza mapafu. Anayepuliza moto asiwe na mtoto mgongoni.

Chanjo ya nimokoki iliingia Kongo mwaka 2011; hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua huanza miezi 9, na surua huvuta kichomi nyuma yake. Kasongo chanjo hiyo si ngeni: mwaka 1981 waganga waliofanya kazi hapa walichapisha utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Kadi ya chanjo ifungeni katika mfuko wa plastiki, mvua isiifikie.