Bweha Uani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Banda

Wakazi wengi wa pembezoni mwa miji yetu hufuga sungura, simbilisi na kuku nyuma ya nyumba. Usiku, bweha huweza kuingia uani. Mnyama huyu hula panya, wadudu, matunda yaliyodondoka na mizoga. Aghalabu huvutwa na mabaki ya chakula, na akishafika ndipo huwabaini wanyama wako. Hivyo, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: funika pipa la taka, na usiache chakula cha mbwa nje usiku kucha.

Hatua ya pili ni banda lenyewe. Wavu mwembamba wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, hufaa kumzuia kuku asitoke. Haufai kumzuia bweha asiingie, kwa kuwa huweza kuung'ata na kuuchana. Kabla ya kulipa, tunakushauri ukague haya:

1. Wavu: uwe wa nyaya nene zilizochomelewa, na ufungwe imara kwenye fremu pande zote.
2. Sakafu: bweha huchimba. Banda lililo ardhini liwe na sakafu ya saruji au mbao nene, au wavu uliozikwa kiasi cha sentimita 30 kulizunguka.
3. Mlango: uwe na komeo mbili za chuma. Kamba si komeo.
4. Maficho: pawe na chumba chenye kuta zisizopitisha macho, kwani sungura huweza kufa kwa hofu hata asipoguswa.

Muuzaji akidai kwamba banda lake halipenyeki, mwombe aandike dai hilo kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maandishi hayo yatakuwa ushahidi wako.

Tunasisitiza: usitege sumu. Sumu huua mbwa wa jirani, na huweza kumfikia mtoto. Bweha anayesumbua aripotiwe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Mwisho, bweha huweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Akionekana akitembea bila kuwaogopa watu, usimkaribie. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya mapema huokoa. Dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Mbwa na paka wako nao wapatiwe chanjo kwa ratiba ya daktari wa mifugo.