Kirangozi wa Marenga Mkali

Kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, mtu aliyetoka pwani kwenda Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, alisafiri kwa miguu. Njia ilianza Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikapita Mpwapwa, kisha ikaingia katika nchi kavu ya Wagogo. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 800. Burton na Speke, Waingereza waliosafiri mwaka 1857, walichukua zaidi ya miezi minne kufika huko.

Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliochukua mizigo kwa ujira. Kila mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32: nguo, shanga na nyaya za shaba wakati wa kwenda bara, na pembe za ndovu wakati wa kurudi pwani. Nguo iliyopendwa sana iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa Marekani. Lakini si wote waliopita njia hiyo walikuwa huru. Katika misafara mingi walikuwamo watumwa waliopelekwa pwani kwa nguvu kuuzwa.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, ndiye kiongozi wa njia. Alivaa joho jekundu na kilemba cha manyoya, akachukua bendera nyekundu ya Unguja, na nyuma yake alifuata mpiga ngoma. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Aliyempita alitozwa faini. Sheria hiyo haikuwa ya kiburi. Njia zilikuwa nyembamba, nazo ziligawanyika mara nyingi, na mtu mmoja akipotea, wenziwe waweza kumfuata wakapotea pia. Kwa hiyo, penye njia panda, njia isiyofaa ilizibwa kwa tawi bichi, ili walio nyuma wasikosee.

Kazi ya kirangozi ilipimwa hasa katika Marenga Mkali. Hii ni nyika iliyo kati ya Chunyo, karibu na Mpwapwa, na vijiji vya kwanza vya Ugogo. Upana wake ni kama kilomita 50, na msafiri wa zamani hakupata maji humo wakati wa kiangazi. Katika Kigogo malenga ni maji, na jina lile lilikuwa onyo: maji machungu.

Kuivuka nyika hiyo kulitaka hesabu. Mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kwenda kilomita 50 katika jua la mchana mmoja. Basi walifanya safari iliyoitwa telekeza. Asubuhi walipumzika, wakapika na kula palipo na maji, wakajaza vibuyu. Jua lilipopita utosini wakaondoka, wakaenda hata usiku ukaingia. Wakalala kidogo bila maji, kisha wakaamka kabla ya alfajiri na kwenda tena, wapate kuyafikia maji ya Ugogo kabla kiu haijawashinda. Aliyekosea saa ya kuondoka aliwatia wote hatarini.

Mwaka 1871 Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, alifika Chunyo akienda kumtafuta Dakta Livingstone. Waarabu, Waungwana wa pwani na Wanyamwezi waliyanywa maji ya Chunyo bila hofu, lakini waliwazuia wanyama wao wasiyanywe. Stanley hakulijua jambo hilo. Akaruhusu punda wake wapelekwe kunywa kama kawaida. Alikuwa na punda tisa. Kabla ya siku tano kwisha, watano wenye afya kuliko wote walikuwa wamekufa. Alikuwa na fedha, bunduki na dawa, lakini hakuwa na habari ile ambayo wenyeji wa njia waliijua.

Ng'ambo ya nyika, watemi wa Wagogo walidai hongo. Siku hizi neno hili ni jina la rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi wa kupita katika nchi ya watu, nao ulilipwa kwa nguo. Wasafiri wengi walinung'unika. Lakini fikiri: Ugogo ni nchi ya mvua chache, na wenyeji walichimba visima kwa mikono yao. Msafara wa watu mia nne waweza kukikausha kisima ambacho kijiji kinakitegemea. Kiongozi mwenye busara alijua kuongea na watemi kwa upole, kwa maana ugomvi ungewafungia watu wake maji na chakula.

Majina ya viongozi wengi hayakuandikwa. Mmoja anayejulikana ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akapelekwa Uhindi. Alipopata uhuru alirudi Unguja. Aliwaongoza wapagazi na kuwa mkalimani wa Burton na Speke, kisha wa Speke na Grant, kisha akasafiri na Stanley. Mwisho alikwenda na Cameron tangu mwaka 1873, wakaivuka Afrika yote hata bahari ya magharibi mwaka 1875. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani na malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya kirangozi ikaisha. Ramani za kwanza za nchi hii zilichorwa na wageni, lakini wageni hao waliongozwa na watu walioijua njia kwa miguu yao. Yafaa wanaozisoma ramani hizo wawakumbuke.

MASWALI

1. Kwa nini mpagazi hakuruhusiwa kumpita kirangozi?
2. Eleza namna ya kusafiri kwa telekeza, na sababu yake.
3. Stanley alikosa nini huko Chunyo, na hasara yake ilikuwa nini?
4. Je, Wagogo walikuwa na haki ya kudai hongo? Toa sababu zako.