Mguu Kifundo: Maelezo kwa Wazazi na Walezi wa Watoto Wachanga

Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa duniani, mmoja hivi, na pengine zaidi ya mmoja, huja na mguu ambao wayo wake umegeukia ndani na kisigino chake kimevutwa juu. Na karibu nusu ya watoto hao huwa na miguu yote miwili katika hali hiyo. Wavulana hupatwa takriban mara mbili ya wasichana. Ila hii, ambayo wakunga na matabibu wa nchi zetu huiita mguu kifundo, na wengine nyayo za kupinda, haimwumizi mtoto mchanga hata kidogo, naye hunyonya, hulala na kunawiri kama wenzake. Na kwa sababu hiyo wazazi wengi hughafilika, wakangoja, wakitumaini ya kwamba mguu utanyooka wenyewe mtoto atakapoanza kusimama. Haunyooki. Mtoto huyo akisimama husimama kwa ubavu wa wayo, na akizidi kukua hutembea kwa mgongo wa wayo, ngozi ya hapo ikawa sugu, ikapasuka na kufanya vidonda, viatu visimwenee, na safari ya kwenda shule au chuoni ikamchosha kabla hajafika.

Asili ya ila hii bado inachunguzwa, lakini imethibitika ya kuwa mara nyingine hufuata ukoo. Haitokani na laana, wala jicho la hasidi, wala jambo lolote alilolitenda mama wakati wa ujauzito wake. Twalisema hili kwa mkazo, kwa kuwa tumeona wanawake waliolaumiwa na waume na mawifi, wakaachwa peke yao na mtoto na gharama zake, ilhali hatia hawana. Dhuluma hiyo humrejea mtoto mwenyewe, maana mama aliyetiwa haya humficha mwanawe ndani ya kanga, na kila juma linalopita mafichoni ni juma lililopotea katika tiba.

Kuitambua ila si kazi ngumu. Watoto wengi huzaliwa na nyayo zilizoinama kidogo kwa sababu ya kubanana tumboni, na nyayo hizo ukizishika kwa upole na kuzigeuza hurudi zenyewe mahali pake. Hizo aghalabu hunyooka bila dawa. Bali wayo wa mguu kifundo ni mgumu: ukiusukuma kuelekea nje hukataa, kisigino ni kidogo na kimepanda juu, na katikati ya wayo pana mkunjo wa ngozi ulio dhahiri. Uonapo dalili hizo, mpeleke mtoto kwa tabibu, naye ataukagua pia mgongo na nyonga, kwani mara chache mguu kifundo huandamana na mgongo wazi au maradhi mengine ya viungo.

Maarifa ya kunyoosha mguu wa namna hii kwa mikono na bendeji ni ya kale sana, na Hippocrates, tabibu wa Wayunani, aliyataja kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Lakini katika karne iliyopita wapasuaji wengi waliitegemea zaidi operesheni kubwa, iliyokata kano na kufungua viungo vya mguu mzima. Aliyewarudisha kwenye mikono ni Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca huko Hispania, aliyewahudumia majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, kisha akahamia Marekani na kufanya kazi katika chuo kikuu cha Iowa. Huko aliwakagua watu waliopasuliwa udogoni, akaona miguu yao imekakamaa, haina nguvu na inawauma. Basi akajifunza upya maungo ya wayo na kubuni njia yake. Aliieleza mwaka 1963, na ilipita miaka mingi kabla wenziwe hawajamsikiliza. Leo ndiyo njia inayofuatwa karibu dunia nzima, na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuieneza Afrika, kwa sababu haihitaji mitambo ya thamani: yatosha mikono iliyofundishwa, pamba na jasi.

Siri yake ni umri. Mifupa ya wayo wa mtoto mchanga kwa sehemu kubwa bado ni gegedu, na kano zake hukubali kuvutika. Kwa hiyo tiba huanza katika majuma ya mwanzo ya maisha. Kila juma tabibu huushika wayo, akaugeuza taratibu kuelekea nje kadiri unavyokubali, kisha akaufunga plasta ya jasi, ambayo wengi huiita hogo, kuanzia vidoleni hadi kwenye paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta tano hadi saba kwa kawaida hutosha. Kisigino hushushwa mwisho. Na kwa kuwa kano ya nyuma ya kisigino ni fupi mno, watoto walio wengi hukatwa kano hiyo kwa tundu dogo, baada ya kutiwa ganzi, ndipo plasta ya mwisho ikakaa majuma matatu, muda ambao kano hujiunga upya ikiwa ndefu kuliko kwanza.

Plasta iwapo mguuni, msiilowanishe, na vidole vitazamwe kila siku. Vikivimba, vikiwa baridi au kubadilika rangi kuwa ya samawati au nyeupe, au vikijificha ndani kwa kuwa plasta imeteleza, mrudisheni mtoto siku hiyo hiyo bila kungoja miadi.

Sasa twafika penye kazi yenyewe, nayo ni kazi ya nyumbani. Mguu ulionyooka hutamani kurudi ulikotoka, na kizuizi chake ni viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, vikielekeza nyayo nje. Fundi Mholanzi Michiel Steenbeek alivibuni vya ngozi na chuma akiwa Uganda, ili viweze kutengenezwa na mafundi wetu kwa vitu vipatikanavyo hapa, na nyuma ya kila kiatu akaacha tundu la kutazamia kama kisigino kimekaa chini. Viatu hivi huvaliwa saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, vikivuliwa kwa kuoga tu. Kisha huvaliwa usiku na wakati wa usingizi wa mchana mpaka mtoto atimize miaka minne au mitano.

Miaka minne ni muda mrefu, na hatulifichi jambo hilo. Siku za kwanza mtoto hulia, maana hajazoea kuirusha miguu yote miwili kwa pamoja. Mchezesheni kwa kukisukuma na kukivuta kile chuma, ili magoti yakunjwe na kukunjuliwa pamoja, naye atajifunza. Mkivivua kila aliapo, atajua kwamba kilio huvivua. Mvalisheni soksi za pamba, na mkiona malengelenge au wekundu mkali, mara nyingi kiatu kimelegea na kisigino kinapanda: kifungeni vizuri, au rudini kliniki. Hatari kubwa huja mtoto aanzapo kutembea vizuri, jamaa wote wakafurahi, bibi akasema mjukuu amepona na aachwe alale kwa raha. Hapo ndipo miguu mingi iliyonyooka hupinda tena. Kwa hiyo baba, bibi, shangazi na yaya sharti nao wavijue viatu hivi, wajue kuvifunga na sababu ya kuvifunga, usiku usiwe mzigo wa mama peke yake.

Wapo pia wazazi wanaohofia wayo bapa, ambao si mguu kifundo. Wayo wa mtoto mdogo kwa kawaida ni bapa, na ikiwa ni laini na haumuumi, hauhitaji tiba. Lakini mtoto aliyeanza kuchechemea ghafla akiwa na homa, au ambaye wayo wake umelegea na kuburutika baada ya kuchomwa sindano ya tako, apelekwe hospitali mara moja.

Na ikiwa katika mtaa au kijiji chenu yupo mtoto ambaye amekwisha kuanza kutembea kwa ubavu wa wayo, msiseme wakati wake umepita. Watoto waliokwisha kutembea wametibiwa kwa njia hii hii wakakanyaga chini kwa wayo mzima, ijapokuwa plasta huwa nyingi zaidi na wengine huhitaji upasuaji wa nyongeza. Waendeeni wazazi wake kwa heshima, waelezeni mliyoyasoma humu, na ikiwa nauli imewashinda, wachangieni wamfikishe kliniki ya mifupa iliyo karibu.