Jahazi Kuukuu, Safari ya Mbali

Kijitabu cha elimu kwa wenye vyombo vya tanga, mwambao wa Tanga

Mwenye jahazi wa Moa, Tanga, Pangani au Kipumbwi akiwa katika maji ya kwao hana haja ya kufikiri sana juu ya matengenezo. Fundi anamjua yeye na anaijua jahazi yake. Mbao ikifunguka leo, kesho inazibwa. Mambo hubadilika chombo kikivuka kwenda Wete, Shimoni, Mombasa au Lamu. Huko fundi hakijui, duka halina msumari wa kipimo chake, na pepo hazimngoji mtu. Kijitabu hiki ni cha chombo cha mbao kilichokwisha kula chumvi miaka mingi na bado kinapelekwa mbali. Tunachosema ni hiki: chombo kikuukuu kikiwa ugenini huokolewa na kile ambacho mabaharia wake wenyewe wanaweza kukitengeneza ufukweni, kwa mikono yao na kwa zana walizobeba. Kwa hiyo fedha ya matengenezo ianzie kwenye mwili wa chombo na tanga lake, ifuate taa na vifaa vya kuokolea, ndipo ije injini na vifaa vya umeme. Siku hizi wengi huanza kinyumenyume.

Umri wa chombo ndio hulaumiwa kwanza, kwa hiyo tuuangalie. Mwaka 1892 nahodha Joshua Slocum alipewa mashua kuukuu iitwayo Spray, iliyokuwa imeegemezwa shambani huko Fairhaven, Massachusetts. Aliangusha mwaloni akachonga mkuku mpya, akabadilisha mataruma na mbao moja baada ya nyingine, kazi ya miezi 13 iliyomgharimu dola 553.62 za vifaa. Aprili 1895 aliondoka Boston peke yake, na Juni 1898 alirudi akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga bila mwenzake. Jambo linalotuhusu zaidi ni lile alilofanya njiani: alipofika Buenos Aires alikata futi 7 za mlingoti, kwa sababu bahari iliyokuwa mbele yake ilitaka tanga dogo kuliko lile alilotoka nalo kwao. Sisi tuna mfano wa upande wa pili, wenye uchungu. MV Skagit iliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa maji ya ndani ya jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi wakapotea. Haikuwa chombo cha zamani sana. Swali la kumwuliza mwenye chombo, basi, lisiwe tu kimeundwa lini, bali kimeandaliwa kwa maji gani na nani anakishughulikia.

Mwili wa chombo ndio wenye mengi, na hapa tutakaa. Adui mkubwa wa mbao katika maji ya joto haonekani. Huitwa mnyoo wa baharini, ingawa kwa ukoo yu karibu na chaza. Huingia akiwa mdogo kuliko kichwa cha pini, tundu lake la nje likabaki dogo vilevile, naye ndani akakua na kuchimba njia kufuata uzi wa mbao. Ubao kama huo kwa macho ni mzima. Ukiugonga kwa nyundo unalia kama debe tupu. Ndiyo maana ukaguzi wa chombo kikuukuu kabla ya safari ni kazi ya sikio na ncha ya kisu, na uanzie pale ambapo rangi au deheni imebanduka, kwa kuwa mlango wake ni hapo. Wazee wa mwambao walikuwa na dawa zao, nazo bado zinafanya kazi: kukichoma chombo chini kwa moto wa makuti makavu ili joto liwaue wadudu, kisha kukipaka deheni ya chokaa na mafuta ya wanyama. Mbao za juu na za ndani zilipakwa sifa. Kukiweka chombo wiki kadhaa katika maji baridi ya mtoni nako huwaua, maana mnyoo huyu anaishi kwa chumvi.

Itasemwa kwamba kuna rangi za kisasa zenye shaba, na kwamba kumshauri mtu arudie deheni ni kumrudisha nyuma. Rangi hizo ni nzuri na hudumu kuliko deheni; hatuwezi kulikana hilo. Lakini zinataka ubao mkavu na safi, na kopo lake halipatikani kila bandari ndogo. Chokaa na mafuta vinapatikana kila mahali penye watu. Aliyepaka rangi nyumbani aendelee nayo, ila ajue pia kuchanganya deheni, na akumbuke kwamba ubao ukishanyonya mafuta haushiki rangi tena kwa urahisi.

Kalafati inaharibiwa mara nyingi na haraka. Chombo kikikaa juani wiki nyingi, mbao hunywea na nyufa hupanuka. Mtu akiona mwanga unapenya, hushindilia pamba kwa nguvu zake zote. Chombo kikirudi majini mbao huvimba, na pamba iliyoshindiliwa mno haina pa kwenda, hivyo mbao husukumana mpaka misumari inang'oka kwenye mataruma. Pamba iliyolowekwa mafuta igongwe kwa kiasi, ubao ukiwa na unyevu bado. Saruji katika ufa ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu mbao hucheza na saruji haichezi. Mawimbi ya siku ya kwanza yataitoa. Na misumari nayo itazamwe. Kutu hula chuma na kulainisha ubao unaokizunguka, kwa hiyo msumari wa chuma upigwe ukiwa na pamba yenye mafuta kichwani. Shaba na chuma visikutanishwe chini ya maji, kwani maji ya chumvi hukifanya chuma kiliwe upesi kuliko kingekuwa peke yake.

Bahari yetu imetupa gati lisilolipiwa. Bandarini Tanga, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Chombo kikipwelezwa maji yakiwa yamejaa, kikategemezwa kwa magadi, mabaharia wana saa kadhaa za kufanya kazi chini yake kabla maji hayajarudi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo anayepanga safari ya mbali apange pia ufukwe atakaopweleza, wenye mchanga na usio na mawe, na siku zake. Magadi yabebwe chomboni. Wengi huyaacha nyumbani kuokoa nafasi ya shehena, wakifika ugenini wanakilaza chombo ubavu, na chombo kikuukuu kilicholala ubavu huachia mbao. Na anayepweleza kati ya mdomo wa mto Pangani na mpaka wa Kenya akumbuke kwamba sehemu kubwa ya pwani hiyo tangu 2009 ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Magadi na nanga visiwekwe juu ya matumbawe.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo inatoka milimani. Mbao bora ya vyombo vyetu ni mvule, na misitu ya Usambara Mashariki ilitoa magogo kwa miongo mingi. Amani, iliyo katika milima hiyo, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa kilimo na mimea, na miti ya nchi nyingi ikajaribiwa pale. Leo mambo ni mengine. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997 ikiwa na zaidi ya hekta 8,000, na mti hauangushwi humo kwa ajili ya mkuku wa mtu. Wapo waonao hili kama dhuluma kwa mafundi wa pwani. Sisi hatuoni hivyo. Mto Zigi unaoshuka kutoka milima hiyo ndio unaonywesha mji wa Tanga, na msitu ukikatwa fundi wa majahazi atakosa maji pamoja na mbao. Kinachofuata ni kwamba jahazi kuukuu ya mvule sasa ni mali isiyo na badala rahisi. Kuiacha ioze kwa kukosa pamba na mafuta, kisha kutafuta gogo jipya la kuunda nyingine, ni kuupelekea msitu deni ambalo lingelipwa pwani kwa kazi ya siku chache. Ubao mmoja ukihitajika, kuna mtiki wa shamba la miti la Longuza, Muheza, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), uliopandwa ili uvunwe. Akiba ya mbao mbili tatu zilizokauka vizuri, zimefungwa ndani ya chombo, zina maana kubwa kuliko godoro jipya la nahodha.

Kwa upande wa tanga, kitambaa cha kisasa hakiozi kwa maji kama pamba, lakini jua hula uzi wa mishono kwanza. Tanga linaonekana jipya, mshono unaachia kwa upepo wa kwanza wa haja. Mishono ivutwe kwa kidole kabla ya safari, na sindano, uzi na kipande cha kitambaa viwepo. Kamba nazo zichaguliwe kwa kazi yake. Katani, iliyoletwa Pangani mwaka 1893 na kuujengea mkoa huu jina duniani, hushika vizuri mkononi na fundo lake halitelezi, ila ikikaa na unyevu huoza kutoka ndani; ifunuliwe nyuzi na kutazamwa moyo wake. Nailoni hunyumbuka, hivyo inafaa nanga na haifai henza. Foromali ya akiba haibebeki, lakini gongo imara na kamba za kuungia iliyovunjika zinabebeka.

Pingamizi tunalolisikia zaidi ni la injini na simu: kwamba mwenye injini hahitaji tanga zima, na mwenye simu ya ramani hahitaji dira. Injini ina faida, hasa kuingia bandarini upepo ukilala. Lakini tundu la mhimili wake ni mlango mpya wa maji, na mtetemo wake hulegeza kalafati kila saa inayofanya kazi. Mkondo wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi na vilindi vya mamia ya mita ambako nanga haigusi chini, na maji yake huelekea kaskazini, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Injini ikizimika humo na tanga likiwa limeoza, chombo kinakwenda maji yanakotaka. Simu nayo hupoteza mtandao katikati ya mkondo. Dira na bildi havihitaji betri. Kabla ya kung'oa nanga ipatikane taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, si idadi ya wasioweza kuogelea.

Pingamizi la mwisho ni la umaskini, nalo tunaliheshimu: mwenye mashua anayelisha nyumba kwa safari mbili kwa mwezi hawezi kununua kila kitu. Ndiyo sababu tunasisitiza mpangilio. Pamba, chokaa, mafuta, misumari, tezo, keekee na patasi si vitu vya fedha nyingi. Kipande cha bati, turubai na grisi vinatosha kuziba tundu mpaka nchi kavu ifikiwe. Taa nayo isiahirishwe. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano zinaruhusu chombo cha tanga kilicho chini ya mita 7, kisipoweza kuwasha taa zake, kiwe na tochi tayari. Jahazi haina ruhusa hiyo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, na meli kubwa zinazolifuata zitapita usiku katika maji haya haya. Chombo cha mbao hakionekani vizuri kwenye rada. Sahani za chuma zilizounganishwa kwa pembe mraba na kutundikwa juu mlingotini humpa nahodha wa meli kitu cha kukiona.

Na kiwepo kitabu. Daftari la kawaida la shule, ndani ya mfuko wa plastiki, likiandikwa ubao gani ulibadilishwa na wapi, msumari wa aina na urefu gani uko wapi, kalafati ilipigwa lini, chini kumepakwa deheni au rangi, na maji ya ngama hukumbwa ndoo ngapi kwa siku chombo kikiwa kimetulia. Ndoo zikizidi, kuna kitu kimefunguka. Fundi wa Mkoani au Lamu hajawahi kukiona chombo hiki. Akilifungua daftari ataanzia pale fundi wa Pangani alipoishia.